Miguu ikiwaka moto usiku, tembea asubuhi

Mchana miguu ina shughuli. Kuna migomba ya kupalilia, kuna maharage ya kuanika, kuna kilima cha kuteremka hadi kisimani na kukipanda tena na ndoo kichwani. Usiku, shughuli zikiisha, ndipo miguu inapoanza madai yake. Inawaka moto. Inachomachoma kama iliyopita kwenye upupu. Blanketi likigusa vidole mtu anashtuka, na bado nyayo hizo hizo zimekufa ganzi kiasi kwamba mchana ndala ilimtoka njiani asijue. Baridi ya Ngara, mkoani Kagera, si ya mchezo, lakini mgonjwa analala miguu ikiwa nje ya blanketi.

Majirani wana majibu mawili. La kwanza ni kukanda kwa maji ya moto na kupumzika. La pili husemwa kwa sauti ya chini: kuna mtu amekutegea, umekanyaga kitu. Hospitalini, mara nyingi, jibu huwa sukari. Ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu kuliko yote mwilini, inayotoka chini ya mgongo hadi ncha za vidole vya miguu. Ndiyo maana tatizo huanzia vidoleni, likapanda kifundoni, na likikaribia goti vidole vya mikono navyo huanza ganzi. Takriban nusu ya wenye kisukari hupatwa na hali hii kadiri miaka inavyokwenda. Wengine huumia, wengine hufa ganzi tu bila maumivu yoyote, na hao wa pili ndio wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu hakuna kinachowapeleka kwa mganga wala kwa daktari mpaka kidonda ndugu kitokee.

Kuna jibu la tatu ambalo mgonjwa akiambiwa hudhani anafanyiwa mzaha: tembea. Si kule kujikokota kutoka kitandani hadi jikoni. Ni mazoezi ya pumzi, yanayoufanya moyo uende mbio kidogo na jasho lianze kutoka: kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli, kucheza ngoma. Mtu ambaye nyayo zinamwaka moto, umwambie azikanyagie zaidi? Ndiyo. Na ushahidi upo, ingawa si mwingi kama tungependa.

Mwaka 2006 watafiti wa Italia wakiongozwa na Stefano Balducci walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne wagonjwa 78 wa kisukari ambao mishipa yao ya fahamu ilikuwa bado salama. Wagonjwa 31 walitembea kwa haraka kwenye mashine, chini ya uangalizi, saa nne kwa wiki. Wale 47 waliobaki waliendelea na maisha yao ya kawaida. Miaka minne ilipokwisha, karibu asilimia 30 ya wasiofanya mazoezi walikuwa wameanza kuharibika mishipa ya hisia. Kwa waliotembea ilikuwa karibu asilimia 6.

Hao ni watu ambao walikuwa hawajaanza kuumwa. Anayeumwa tayari je? Hapo inabidi twende Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, kwa mtaalamu wa tiba ya viungo Patricia Kluding na wenzake. Mwaka 2012 walieleza habari za wagonjwa 17 waliofanya mazoezi ya pumzi na ya misuli kwa wiki 10. Maumivu yao yalipungua, na vipande vidogo vya ngozi vilipotazamwa kwa hadubini, vinyuzi vya mishipa ya fahamu vilionekana vimeongeza matawi. Mshipa uliodhaniwa umekufa ulikuwa unajaribu kuchipua. Mwaka 2015 wakarudi na jaribio jingine, safari hii wagonjwa 14 wenye maumivu, mazoezi ya pumzi kwa wiki 16. Ukali wa maumivu wenyewe haukubadilika. Lakini walipoulizwa maumivu hayo yanawazuia kiasi gani kutembea, kufanya kazi, kuelewana na watu na kulala usingizi, majibu yalikuwa mengine kabisa. Maumivu yalikuwa yaleyale, ila hayakuwatawala tena kama zamani.

Watu 14, tena bila kundi la kulinganisha nalo, si ushahidi wa kuapia. Hata hivyo, ningeambiwa nichague utafiti mmoja wa kuwasomea wagonjwa kwenye benchi la kliniki, ningechagua huo, kwa sababu unasema jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi. Mama wa Kabanga ukimwambia kwamba akitembea maumivu yataisha, atatembea wiki mbili, miguu itaendelea kuwaka, naye ataacha na kukuona mwongo. Ukimwambia kwamba huenda miguu ikaendelea kumsumbua lakini atalala, atakwenda sokoni mwenyewe na atasimama jikoni mpaka ndizi ziive, amepata sababu ya kuendelea hata siku ambayo haoni nafuu. Maumivu ya mishipa ya fahamu humnyima mtu vitu kimoja kimoja: kwanza usingizi, halafu shamba, halafu ibada, halafu wageni. Kutembea ni kuvidai vitu hivyo, na vinarudi kabla ya maumivu kuondoka.

Jinsi mazoezi yanavyosaidia haijafumbuliwa yote, lakini mambo mawili yanafahamika vizuri. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini haifanyi kazi yake sawasawa, na nafuu hiyo hudumu kati ya siku moja na tatu. Pili, mishipa ya fahamu nayo hulishwa na vimishipa vidogo sana vya damu, ambavyo sukari huviziba na kuvikakamaza. Moyo unapozoea kusukuma damu kwa nguvu, vimishipa hivyo hupata nafasi ya kupumua.

Ukilieleza hili Ngara au Biharamulo, utajibiwa kwa swali, na swali lenyewe ni la haki: sisi si ndio watu wa kutembea? Nani zaidi yetu? Mwanaume anasukuma baiskeli yenye mikungu mitano ya ndizi kupanda mlima, mwanamke anakwenda na kurudi shambani na jembe begani, halafu mnakuja kutufundisha mazoezi?

Zamani swali hilo lingetosha kufunga mjadala. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha kazi ya Donald McLarty na wenzake waliopima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari walikuwa karibu asilimia 1 tu. Mwaka 2012 upimaji wa kitaifa uliwakuta na kisukari asilimia 9.1 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Hesabu hizo mbili haziwezi kuwekwa mizani moja, maana umri wa waliopimwa haulingani na ya pili ilichanganya mjini na kijijini, lakini hata ukipunguza unavyotaka, jambo limebadilika.

Kijiji nacho kimebadilika. Bodaboda imefika mpaka ambako gari halijawahi kufika. Safari ya kwenda zahanati, ambayo mama yake aliitembea kwa saa mbili, leo binti anaimaliza kwa robo saa akiwa amekaa. Wala simlaumu, mwenye homa hahitaji kupanda mlima. Jembe nalo ni mazoezi mazuri, tena makali, ila linafuata mvua. Mvua za Septemba hadi Desemba na zile za Machi hadi Mei zinamtoa mtu jasho kweli. Juni hadi Agosti mwili unakaa. Sukari haina likizo ya kiangazi.

Halafu kuna huruma ya watoto. Baba akigundulika ana sukari, jembe linafichwa. Mama ananunuliwa kiti cha plastiki, anawekwa barazani, maji anachotewa, hata kanisani anapelekwa kwa pikipiki. Kila mtu anaona anamtunza. Baada ya mwaka mmoja, mtu aliyekuwa akipanda vilima hawezi kufika mwisho wa kijiji bila kupumzika, sukari imepanda, na miguu inawaka kuliko mwanzo. Nimeshuhudia wazee waliozimwa hivyo kwa upendo, na sijui lugha ya kumwambia mtoto mwema kwamba amrudishie mama yake ndoo, hata kama ni ya lita tano.

Kundi jingine liko barabarani. Barabara inayotoka Kahama, ikapita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, ikaingia Ngara hadi Benaco na daraja la Rusumo, imejaa malori yanayobeba mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Dereva anakaa kutwa nzima, anakula chipsi mayai usiku, anashushia soda, anasubiri mizani, anasubiri karatasi za mpakani, analala kwenye kibanda cha lori. Huyo hana jembe wala kilima. Na mguu uliokufa ganzi kwa dereva ni jambo la kutisha kuliko kwa mkulima, kwa sababu ndio unaotakiwa kujua umekanyaga breki kiasi gani kwenye miteremko ya kuelekea Rusumo. Mahali pa kuegesha malori pana uwanja wa kutosha. Raundi za nusu saa kuzunguka malori wakati wa kusubiri hazigharimu kitu, zinahitaji tu mtu asiyeona haya kuulizwa na utingo wake kama amepoteza ufunguo.

Sasa tuje kwenye viatu, maana hapa ndipo ushauri mzuri unapoweza kumkata mtu mguu.

Kwa miaka mingi madaktari duniani waliwakataza wagonjwa wenye ganzi kutembea kwa mazoezi, wakihofia vidonda. Hofu hiyo ilianza kulegea mwaka 2008, pale jaribio la Missouri, Marekani, lenye wagonjwa 79 lilipoonyesha kwamba waliotembea hawakupata vidonda zaidi ya wasiotembea. Miongozo ya kimataifa ikabadilika. Lakini wagonjwa wa Missouri walikuwa na viatu vilivyofaa, na miguu yao ilikaguliwa. Mtu wa Rulenge ana ndala, au yeboyebo, au katambuga za tairi, au gambuti la shamba linalovaliwa bila soksi. Kokoto ikiingia humo, mguu wenye uhai unaitoa mara moja. Mguu wenye ganzi unaibeba mpaka jioni.

Tanzania inayo sifa yake katika elimu hii, na si sifa ya kufurahia. Mwaka 2005 Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya anatafuna kidole, mwenye kidole amelala fofofo, anaona damu kwenye shuka asubuhi. Mwaka mmoja kabla, Abbas alikuwa miongoni mwa walioanzisha mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi, wakija wawili wawili kutoka hospitali moja, jinsi ya kuhudumia mguu wa mwenye kisukari kabla haujafika kwenye msumeno. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia.

Huku Kagera tuna na yetu ya kuongeza. Asubuhi za baridi watu huota moto, na mguu usiosikia joto husogezwa karibu zaidi na jiko. Kukanda kwa maji ya moto, ile huduma ya upendo ya kila nyumba, kumewababua ngozi watu ambao hawakusikia chochote. Kama ni lazima kukanda, maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine asiye na ganzi, na yawe ya uvuguvugu. Funza nao hawajaisha. Mwenye ganzi hasikii muwasho wao, na pini ya kuwatolea ikishikwa na mkono unaotetemeka huacha shimo ambalo halifungi.

Ili kujua kama mguu umekufa ganzi, hospitali kubwa hutumia uzi maalumu wa nailoni. Zahanati nyingi hazina, na hauhitajiki sana. Madaktari wa Ipswich, Uingereza, walionyesha kwamba kidole cha mtu mwingine kinatosha. Mgonjwa anakaa au analala, anafumba macho. Mjukuu anaambiwa aguse ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, taratibu, kwa ncha ya kidole chake cha shahada, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua wala kutekenya. Halafu kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Kisha kidole gumba cha kushoto, cha mwisho cha kushoto, cha kati cha kulia, cha kati cha kushoto. Kila anapoguswa, mgonjwa anasema "kulia" au "kushoto". Vidole sita tu. Akikosa kusikia viwili au zaidi, miguu hiyo haiaminiki tena kumlinda, na viatu vyake vinatakiwa kufikiriwa upya kabla ya kilomita ya kwanza.

Kiatu chenyewe hakihitaji kutoka Ulaya. Raba ya mtumba iliyofunika vidole, yenye soli nene na nafasi mbele, iliyonunuliwa jioni wakati miguu imevimba kidogo, inafaa kuliko kiatu kipya cha ngozi kinachobana. Soksi ziwe safi na zisiwe na mshono unaokwaruza. Kabla ya kuvaa, mkono uingizwe ndani ya kiatu mpaka mwisho, kila siku, hata kama kilivuliwa saa moja iliyopita. Baada ya kutembea, nyayo zitazamwe, na asiyeweza kuinama atazamiwe na mwingine.

Kasi gani? Kipimo rahisi ni kwamba uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Waliosoma shule zetu watacheka, kwa sababu mchakamchaka wa alfajiri ulitufundisha kukimbia na kuimba kwa pamoja. Aliyeweza yote mawili ama alikuwa na mapafu ya mwanajeshi au alikuwa anadanganya kwenye kiitikio. Kwa mtu wa miaka 55 mwenye sukari, asizidishe. Aanze na dakika 10 baada ya chakula, aongeze kidogo kidogo hadi zifike 150 kwa wiki, na asipitishe siku mbili mfululizo bila kutoka, kwa sababu ile nafuu ya msuli haikai sana.

Vilima vya Ngara vina siri yao: kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoumiza vidole, maana vinasukumwa mbele ya kiatu. Mwenye ganzi atafute njia inayofuata mgongo wa kilima, arudi kwa njia hiyohiyo. Biharamulo, kunakopungua vilima, baiskeli inapewa heshima kidogo mno kama dawa. Uzito wa mwili unabebwa na kiti na moyo unafanya kazi ileile. Kwa aliyewahi kupona kidonda cha unyayo, baiskeli ni salama kuliko kutembea.

Wapo wasiotakiwa kuanza leo. Mwenye kidonda mguuni apone kwanza. Mwenye mguu mmoja uliovimba, mwekundu na wenye joto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, aende hospitali siku hiyohiyo, awe Murgwanza, Rulenge, Biharamulo au kokote kulikokaribu, kwa sababu mifupa ya mguu inaweza kuwa inavunjika taratibu. Anayeona kizunguzungu akisimama, au aliyeambiwa macho yake yanavuja damu kwa ndani, aulize kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi atembee na pipi au sukari mfukoni na asitoke na njaa.

Tena si kila mguu unaowaka ni wa kisukari, na mkoa huu unalijua hilo kwa uchungu. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika mwaka 1983, na dawa za mwanzo za kupunguza makali, hasa stavudini, ziliwaacha wengi na miguu inayochoma. Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iachwe taratibu kuanzia 2009, lakini mishipa iliyoharibika haikurudi yote. Virusi vyenyewe huharibu mishipa. Dawa ya kifua kikuu aina ya isoniazidi nayo hufanya hivyo, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Rubisi na gongo vikinywewa miaka mingi huleta matokeo yaleyale. Hata metformini, kidonge kinachotumiwa na wengi wenye kisukari, ikitumika kwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 na kuzidisha ganzi. Hayo yote, mazoezi hayayatibu; yanahitaji maabara. Na dawa za kutuliza maumivu ya mishipa zipo. Amitriptilini ya dozi ndogo usiku ni ya bei nafuu, na mtu hana sababu ya kukataa kidonge ili athibitishe kwamba anatembea.

Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchini. Wazo zuri, ila kwenye wilaya nyingi liligeuka kuwa mbio za watumishi wenye fulana zinazofanana, na mara moja kwa mwezi haifiki hata robo ya kinachotakiwa. Bibi wa Nyakahura hakuitwa, na angeitwa asingekwenda kukimbia mbele ya mkuu wa wilaya. Anachokiweza ni kutembea na wenzake watatu kutoka kliniki ya sukari, wanaojuana majina na namba za vipimo vyao, wakipitiana asubuhi. Siku ya kliniki watu huketi kwenye benchi saa nyingi wakisubiri kadi. Muuguzi akiwatoa kwa makundi wakazunguke hospitali kwa dakika 20 huku wenzao wanapimwa, foleni haitaharibika, na wakirudi atakuwa na nafasi ya kuwavua viatu na kuwagusa vidole vile sita.

Mvua za Machi zikishika, njia za Ngara huteleza na mwenye ganzi hana kazi huko. Hapo kuna kwaya. Mazoezi ya kwaya ya jioni, yale yenye hatua na mapigo ya haraka, ni mazoezi ya pumzi kamili, ndani ya jengo lenye sakafu kavu, pamoja na watu watakaouliza usipoonekana. Kipimo cha kushindwa kuimba hakitafaa huko. Mtu asikilize pumzi yake, avae raba hata kama wengine wamevaa viatu vya Jumapili, na sauti ya nne wamvumilie akikaa kwenye wimbo wa tano.